Stempu Mbili Kwenye Bahasha ya Enos

Jumapili mchana, Julai 2007. Kitengela, upande wa Noonkopir.

Baridi imeshuka na haitaki kuondoka. Tangu asubuhi jua halijaonekana, na manyunyu yanayoanguka ni yale yasiyomlowesha mtu bali humkera tu. Nimevaa sweta mbili, moja ni ya Rose.

Shajara, leo sina utangulizi mzuri. Wasomaji wachache wa blogu hii wamezoea nikiwaeleza habari za meli na mihuri kwa madaha, kama mtu aliyekuwepo bandarini. Leo wanisamehe. Naandika haya kwenye daftari, nitayachapa cyber kesho kama bado nitakuwa na ujasiri.

Nimefanya jambo ambalo sijui niliite nini. Nimelifanya kwa miaka saba, kila siku, bila kujua, na nilikuwa najivunia.

Kwa anayefika hapa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule moja ya kutwa Kajiado. Kwa miaka kumi na minne nimekusanya barua zilizovuka Bahari ya Atlantiki katika karne ya kumi na tisa, kati ya Uingereza na Amerika. Najua inavyosikika. Mluhya wa Maragoli, anaishi kati ya ng'ombe wa Wamasai na viwanda vya simenti, anahangaikia barua za Wazungu waliokufa zamani. Walimu wenzangu walinicheka mpaka wakachoka. Yote yalianza 1993, muuguzi mmoja mzee, Mskoti, alipostaafu kutoka zahanati ya misheni na kuniachia kopo la biskuti lenye barua tisa za ukoo wake. Nyingine nimezipata kwa kubadilishana na mzee mmoja wa Uingereza anayependa sana stempu zetu za ndege na wanyama. Sasa nina arobaini na moja.

Barua nyingi za wakati huo hazikuwa na bahasha. Karatasi ilikunjwa, ikafungwa kwa lakiri, anwani ikaandikwa mgongoni. Juu yake makarani walipiga mihuri yao: ilikotoka, siku, meli ya nchi gani iliibeba, na tarakimu ya ada. Wino mwekundu ulisema imelipiwa, mweusi ulisema anayepokea ndiye atakayelipa. Mtu akijua kusoma alama hizo anaifuata barua kutoka mkono hadi mkono, kutoka Liverpool hadi Boston, kama vile alikuwa ndani ya mfuko. Hilo ndilo linalonifurahisha. Kwamba karatasi inayopeperushwa na upepo ilivuka bahari ile yote na kila aliyeishika akaacha alama kwamba alifanya kazi yake.

Ndani sisomi.

Naomba nikiri hili kabla sijaenda mbali. Katika barua arobaini na moja nimesoma labda mbili, tena nusunusu. Mwandiko wao ni wa kubana, na ili kupunguza uzito waliandika mistari kwa upana, kisha wakageuza karatasi na kuandika tena juu yake kwa urefu. Macho yanauma. Tena karatasi ikikunjuliwa mara nyingi hukatika kwenye mikunjo. Mkusanyaji mwenye adabu huiacha ilivyo. Rose, mke wangu, husema mimi ni muumini anayebusu jalada la Biblia na hajawahi kuifungua. Huwa nacheka. Jana sikucheka.

Sasa Enos.

Enos ni mdogo wangu, kitinda mimba. Alienda Amerika 1995, kusoma. Mwanzoni mwa 1999 nilimtumia bahasha kumi na mbili nilizoziandika anwani yangu mwenyewe, sanduku langu la posta la Kajiado, kwa mwandiko wangu bora. Nilimwomba kila akipata nafasi azitume moja moja kutoka miji ambayo zamani meli za barua zilitia nanga: Boston, New York, Portland, Philadelphia. Nilitaka niweke muhuri wa leo kando ya muhuri wa zamani katika ukurasa mmoja wa albamu. Wakusanyaji hufanya hivyo. Nilimpa na masharti, maana mimi ni mtu wa masharti. Asiandike kitu chochote kwa nje, hata anwani yake. Ndani aweke kadi ngumu tu ili bahasha isijikunje njiani. Na asimwachie karani aipige hovyo, amwombe kwa upole muhuri utulie.

Ya kwanza ilifika baada ya miezi miwili, kutoka Boston. Niliifungua. Ndani kulikuwa na kadi tu, kipande cha boksi la vyakula vya asubuhi, kimekatwa vizuri. Nilifurahi, nikajilaumu kwa kuikata bure, kwa sababu bahasha isiyofunguliwa hupendeza zaidi kwenye albamu. Nikaamua zitakazofuata sitazigusa.

Mwishoni mwa mwaka huo Baba alifariki.

Binamu yetu alimpigia Enos simu kutoka Nairobi. Enos akasema atajaribu kuja. Tulingoja siku tisa, mwili ukiwa mochari. Hakuja, hakupiga simu, hakutuma hata salamu. Tulimzika Baba. Pale kaburini amu yetu mkubwa alisema mbele ya watu wote kwamba asiyekuja kumzika babake asitafutwe. Hakuna aliyempinga. Mimi nilitikisa kichwa kukubali, nikaenda mbele zaidi, nikamwandikia Enos barua ya hasira kurasa tatu. Sikupata jibu. Nikaona basi, ameamua, na sisi tumeamua.

Katikati ya mwaka 2000 ikaja bahasha ya pili, kutoka Portland.

Nakumbuka vizuri nilivyosimama pale posta ya Kajiado nikiwa nayo mkononi. Nilichemka. Nikajiambia kwamba mtu huyu ana nafasi ya kupanda basi mpaka Portland kupigisha muhuri, lakini hana nafasi ya kumwandikia Mama hata mstari mmoja. Nilitaka kuichana. Kisha nikautazama muhuri. Ulikuwa safi, mviringo wake umekamilika, tarehe inasomeka. Nikaitia mfukoni, nikaipeleka nyumbani, nikaiweka kwenye albamu.

Zilikuja tano nyingine. Ya mwisho 2004. Kila moja nilikasirika, na kila moja niliihifadhi. Mama alipohamia kwetu Kitengela miaka minne iliyopita nilikuwa nimeshaacha kulitaja jina la Enos mezani. Yeye hulitaja kwenye maombi tu. Humwombea mwanawe aliyesahau nyumbani. Maneno ni hayohayo kila jioni, na mimi husema amina.

Sasa jana.

Jumamosi ijayo kikundi chetu cha wakusanyaji stempu kinakutana Nairobi, na nimepewa zamu ya kuonyesha kurasa nane. Nilitandaza magazeti kwenye meza ya sebuleni tangu saa mbili asubuhi. Mama alikuwa nyuma ya nyumba akichambua mboga na kumjibu yule mama wa Kimasai anayetuletea maziwa. Siku hizi akisalimiwa "supa" anaitika "ipa" kama mwenyeji, na hulipenda neno hilo kuliko Kiswahili chote. Rose aliniletea chai, na kwa bahati, au sijui niseme nini, alikaa.

Rose si mtu wa kukaa kwenye meza ile. Nikapata hadhira. Nikamwonyesha barua ninayoipenda kuliko zote, ya 1853, kutoka Liverpool kwenda Boston, yenye tarakimu 48 kubwa ya wino mweusi katikati. Nikamweleza kwamba ada ya barua moja ya kawaida ilikuwa senti ishirini na nne. Arobaini na nane maana yake ilizidi uzito, karatasi zilikuwa nyingi. Nikasema kwa ile sauti yangu ya darasani kwamba tarakimu hiyo peke yake inatuambia mwandishi alikuwa na mengi moyoni, hata kabla hatujaifungua.

Rose akainama akaangalia. Kisha akaangalia bahasha iliyokuwa kando yake kwenye ukurasa uleule, ya Enos, ya Boston, 2001.

Akasema, "Na hii ya shemeji mbona iko na stempu mbili?"

Mimi huwa na jibu.

Nikaitazama. Stempu mbili, sawasawa. Nikafungua ukurasa wa pili. Bahasha ya Portland, stempu mbili. New York, mbili. Philadelphia, tatu. Zile stempu niliziona kila mara kwa miaka saba. Katika maelezo yangu, kwa mashine ya kuchapa, nimeandika chini ya moja, "Mtumaji alizidisha stempu bila sababu." Niliandika hivyo. Maneno hayo yako pale mpaka sasa na siwezi kuyaangalia. Bahasha ile moja niliyoifungua, iliyokuwa na kadi tupu, ndiyo peke yake yenye stempu moja.

Karani wa 1853 alinifanya niseme kwamba barua nzito ina mengi. Ya ndugu yangu nikasema alikosea hesabu.

Rose aliinuka, akaenda jikoni, akaleta kisu. Alikiweka mbele yangu, mpini ukinielekea.

Na hapa ndipo ninapoona aibu kuliko pote. Nilikichukua kisu, nikaigeuza bahasha ya Portland mkononi, nikatafuta upande wa kukata. Nikaikata upande wa kushoto, mbali na muhuri. Hata wakati huo.

Kadi ilikuwemo. Imezungushiwa karatasi mbili za njano zenye mistari, zimeandikwa pande zote.

Nilisoma mistari michache tu. Nilimsikia Rose akiniuliza kuna nini, nikampa ile karatasi. Akaisoma kwa sauti, polepole, kwa sababu mwandiko wa Enos haukuwahi kuwa mzuri.

Alikuwa ameandika kwamba hakuweza kuja kumzika Baba kwa sababu karatasi zake za kukaa kule zilikuwa zimeisha, na angetoka asingeruhusiwa kurudi. Kwamba siku ya maziko alikaa ndani ya stoo ya kazini kwake kwa sababu hakujua mahali pengine pa kulilia. Kwamba alikuwa amehama nyumba, na akaogopa simu, hakujua nani angeipokea na angesema nini. Alimwandikia Mama mara mbili kupitia sanduku la Baba. Sanduku hilo hatukulilipia Baba alipofariki, likafungwa, kosa hilo ni letu. Barua zote mbili zilimrudia. Nanukuu sehemu hii kwa sababu sijaacha kuisikia:

"Zimerudi na ule muhuri wa mkono unaoonyesha kidole, wa kumrudishia mtumaji. Nikakumbuka wewe ungeupenda. Kwa hivyo sasa natumia bahasha zako, kaka, kwa sababu hizi najua lazima utaziangalia."

Niliziangalia. Nilizipima kwa rula. Niliziangalia kwa kioo cha kukuzia.

Tukafungua zote. Sita. Sikuchagua tena upande. Ya pili aliomba picha ya kaburi. Ya tatu alisema amepata mke, mtu wa Jamaika, mwenye roho nzuri, na kwamba anajua barua hii huenda imefika na ile nyingine bado, ndiyo maana anarudia. Ya nne, ile ya Boston yenye stempu mbili aliyoiuliza Rose, ilikuwa na picha. Mtoto wa kike, labda miezi mitatu, amefungwa blanketi la manjano, amekunja uso vilevile anavyokunja Mama akionjeshwa chai isiyo na sukari. Nyuma ya picha ameandika: Kageha.

Kageha ni jina la Mama.

Kwetu mtoto hapewi jina la bibi yake kimya kimya. Ni jambo la kupigiwa vigelegele, la kutumiwa kuku na unga, na bibi huringa kwa mwaka mzima. Mama ana mtu mwenye jina lake duniani na kwa miaka sita hajajua. Picha yenyewe ilikuwa hatua nane kutoka kitanda chake. Kabati la albamu ndilo yeye hupanguza vumbi kila Jumamosi, kwa sababu anasema Rose hupanguza juu juu.

Ya tano ilikuwa fupi. Aliuliza kama tumeamua kunyamaza, na kama ndivyo, anaelewa. Ya sita ni ya 2004. Ameandika anwani mpya, na namba ya simu, na kusema zimebaki bahasha tano. Amesema hatazitumia tena, atazitunza, kwa sababu hataki kutusumbua, na siku nikimwandikia mstari mmoja tu, hata wa kumtukana, ataanza tena.

Nilitoka nje na simu. Nilijaza kadi ya mia tano na kuipiga namba hiyo nikiwa nimesimama kando ya tanki la maji. Mwanamke wa mashine akaniambia kwa Kiingereza kwamba namba haitumiki. Nikapiga tena. Nikapiga mara nne, nikamsikiliza mpaka mwisho kila mara, kama kwamba angebadilisha maneno.

Basi imebaki anwani. Ya miaka mitatu.

Rose aliniambia jambo moja tu, kwamba yeye hatamwambia Mama, na kwamba nisipomwambia kabla ya chakula cha mchana hataweza kunitazama. Nikaenda nyuma ya nyumba. Mama alikuwa amemaliza mboga na anaosha sufuria. Nilimwomba akae. Akakaa kwenye kile kiti chake kifupi, akaniuliza nani amekufa.

Nilimweleza yote nikiwa nimechuchumaa. Sikujitetea. Nilijaribu mara moja kueleza kwa nini wakusanyaji hawafungui bahasha, nikasikia upuuzi wangu mwenyewe nikaacha. Nikamsomea barua zote sita. Mwisho wa kila moja Enos aliandika mistari ya Kilogoli, lugha yetu ya nyumbani, kwa ajili yake, na hiyo nilimpa aisome mwenyewe, kwa sababu Kilogoli anakisoma. Alisoma akisogeza midomo. Nilipompa picha aliishika kwa ncha za vidole kwa kuwa mikono ilikuwa na maji.

Sikujua nitegemee nini. Nilitegemea anipige, nafikiri. Ningefarijika.

Hakulia na hakunigombeza. Aliniuliza mtoto ana umri gani sasa, nikasema sita. Akauliza kama sita ni umri wa kuanza shule kule. Nikasema sijui. Akauliza mambo mengi ya namna hiyo, kama anaongea Kiswahili, kama kule kuna baridi kama hii ya kwetu, na kila swali nililolijibu "sijui" lilinikata upya. Nilikuwa najua meli gani ilibeba barua ya 1853 na siku gani ilitia nanga. Sikujua kama binti wa ndugu yangu ameanza shule.

Leo asubuhi alivaa gauni lake la bluu la kanisani mapema kuliko siku zote. Picha aliitia ndani ya Biblia. Tulipomaliza ibada akina mama wakamzunguka pale nje kwenye manyunyu, naye akawapitishia mtoto mkono kwa mkono na kutangaza jina. Wakapiga vigelegele, hatimaye. Mama mmoja akataka kujua picha imekuja lini. Nilikuwa nimesimama kando nikimshikia mwavuli.

Mama akasema imekuja jana.

Hakunitazama. Alisema kama mtu anayetaja bei ya sukari, kisha akaendelea kupokea mikono. Nimemjua mama yangu miaka arobaini na tano na sijawahi kumsikia akisema uongo, hata wa kuokoa sahani iliyovunjika. Niliendelea kumshikia mwavuli.

Tulipofika nyumbani aliniita chumbani kwake. Alikuwa ameshatoa karatasi kwenye daftari la nyimbo na kalamu. Alitaka nimwandikie Enos leo hii, kesho posta ikifunguliwa niwe mtu wa kwanza mlangoni. Akanitajia ya kuandika: kwamba Mama mzima, magoti tu, kwamba Kageha mkubwa anamsalimia Kageha mdogo, kwamba kaburi la Baba limejengewa na mti wa mparachichi pembeni umezaa. Niliandika yote. Kisha akaniwekea mkono juu ya mkono nikiwa bado nimeshika kalamu.

Akasema, "Mwambie zile barua zilipotelea posta. Akijua zilikuwa kwa hii nyumba ataumia. Mimi sitaki aumie tena, nataka aandike."

Nikamwambia, "Mama, hazikupotea."

"Najua hazikupotea," akasema. "Nimewazaa wote wawili. Wewe andika zilipotea."

Akaenda kupasha chakula.

Tangu saa hiyo nimekaa hapa. Chakula kimepoa. Rose amepita mara mbili, mara ya pili akaniwekea sweta yake mabegani. Karatasi mpya iko mbele yangu kwa sababu ile ya Mama nimeiweka kando, itaenda pamoja na yangu, na ndiyo itaipa bahasha uzito.

Uongo wa Mama ni rahisi. Hakuna atakayeugundua. Enos atausadiki, watu wote wako tayari kusadiki kwamba posta imepoteza kitu, na atapumua, na huenda akarudi kwetu haraka zaidi. Mimi pia ningepumua. Hilo ndilo linalonitisha, jinsi ninavyoutaka. Kisha nawafikiria wale makarani, yule wa Portland aliyeombwa kwa upole apige muhuri utulie, na aliyeufungua mfuko Nairobi, na yule dada wa dirishani Kajiado anayeniita Mwalimu. Mkono baada ya mkono, wote walifanya kazi yao mpaka bahasha ikanifikia mimi. Naweza kuwasingizia wote hao ili nionekane ndugu mwema.

Na je, Enos akija siku moja? Akikaa sebuleni, mtoto akafungua kabati kama watoto wanavyofungua makabati, akatoa albamu na kuziona bahasha za baba yake humo, sita, zimepangwa kwa tarehe, na maelezo yangu kwa mashine chini?

Kurasa nane sitazionyesha Jumamosi. Nimeshamwandikia mwenyekiti kwamba sitafika. Stempu mbili hizo nitaziacha zilipo, na yale maneno "bila sababu" sitayafuta, nitayaacha niyaone.

Mama amepita mlangoni sasa hivi akauliza kama nimeandika alivyosema. Nimemwambia bado naandika. Ni kweli. Nimeandika mstari mmoja: "Enos ndugu yangu, barua zako zote zilifika."

Posta inafunguliwa saa mbili. Nina mpaka hapo kutafuta mstari wa pili.